Je, Anayebisha Ni Mtu au Ni Programu?

  

Leo nina swali moja, nalo nitalirudia mara kadhaa ili lisitupotee njiani. Tovuti inajuaje kwamba anayeiomba kitu ni mtu mwenye kivinjari mkononi, na si programu nyingine? Na papo hapo linakuja la pili, ambalo ndilo hasa limenileta hapa: waliotengeneza tovuti hiyo walipima vipi kama kweli inajua?

Utasema haya ni mambo ya mafundi. Subiri kidogo. Hujawahi kugusa kiungo kwenye simu, ukitarajia ukurasa wenye picha na vitufe, ukaletewa maandishi yasiyosomeka? Mabano yaliyopinda, alama za kunukuu, nukta mbili kila baada ya neno, majina ya Kiingereza yamebanana hayana hata nafasi? Wengi wakikutana na hali hiyo husema simu imeharibika, au mtandao unasumbua, au bando limekata. Wanafunga na kwenda zao. Kumbe simu ni nzima na mtandao ni mzima. Kilichotokea ni kwamba tovuti imekudhania wewe ni programu, ikakujibu kwa lugha ya programu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Chukua tovuti ya ratiba za mabasi ya mikoani. Ina anwani moja, tuseme ya safari za Dar es Salaam kwenda Mbeya. Anwani hiyo inaombwa na waombaji wa aina mbili. Kuna abiria aliyeshika simu, anayetaka ukurasa: saa za kuondoka, bei, kitufe cha kukata tiketi. Na kuna programu, labda ile iliyo kwenye simu ya wakala, inayotaka taarifa tupu bila mapambo ili yenyewe ijue pa kuzipanga. Taarifa ni zilezile, anwani ni ileile, majibu ni mawili tofauti. Wazo hili la kitu kimoja kutolewa kwa sura zaidi ya moja lilielezwa vizuri na Roy Fielding mwaka 2000, katika tasnifu yake ya udaktari kule California, na tangu hapo watengeneza tovuti wengi wamelifuata.

Sasa, watengeneza tovuti siku hizi hawaanzi na karatasi tupu. Wanatumia kitu wanachokiita fremuweki, yaani mkusanyiko wa zana na taratibu zilizoandikwa tayari, za kupokea maombi, kuyatambua na kuyajibu. Ziko nyingi: Ruby on Rails ilitoka mwaka 2004, Django na Catalyst zikafuata mwaka 2005, Laravel mwaka 2011. Kazi ya kutambua kama ombi limetoka kwenye kivinjari mara nyingi inaachiwa fremuweki. Ikikosea yenyewe, zinakosea tovuti zote zilizojengwa juu yake.

Lakini inatambua kwa kitu gani? Mtu akibisha hodi usiku na mlango umefungwa, humwoni. Ulichonacho ni sauti yake na maneno aliyoyasema. Seva, yaani kompyuta inayoihudumia tovuti, nayo iko hivyohivyo. Haioni simu yako, haioni uso wako, haijui kama umekaa kitini au umesimama foleni. Inapokea maandishi machache tu. Mistari hiyo ya utangulizi inayokuja na ombi mafundi huiita heda, na humo ndimo seva inamotafuta jibu la swali letu.

Heda ya kwanza iliyotumiwa kwa kazi hii inaitwa User-Agent. Hapo mwombaji anataja jina lake. Ni ya zamani. Imo katika maelezo rasmi ya HTTP, yaani kanuni za kuomba na kujibu kwenye wavuti, toleo la 1.0, yaliyochapishwa mwaka 1996. Kwa nadharia ni jambo rahisi: kila kivinjari kitaje jina lake na toleo lake, nasi tutajua ni nani. Kwa nini basi isitoshe?

Haitoshi kwa sababu majina hayo yana historia ya kughushiwa, nami naomba tukae hapa kidogo, maana bila kuijua historia hii huwezi kuelewa kwa nini kupima ni lazima.

Mwaka 1994 kivinjari cha Netscape kilitoka, nacho kilijitaja kwa jina la Mozilla. Kikapendwa, kikaongezewa mambo ambayo vingine havikuwa nayo, mojawapo likiwa uwezo wa kuugawa ukurasa katika vyumba. Watengeneza tovuti wakaanza kuangalia: anayeomba amesema Mozilla? Mpe ukurasa mzuri. Hakusema? Mpe ule duni. Mwaka 1995 Microsoft ikaleta Internet Explorer, na muda si mrefu nacho kikaweza mambo hayohayo. Lakini kikawa kinapewa kurasa duni kwa sababu ya jina lake. Microsoft wakafanya nini? Wakakifanya kivinjari chao nacho kiseme Mozilla, kisha ndani ya mabano ndipo kinaongeza jina lake halisi.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Konqueror, kivinjari cha watu wa Linux, kikadai kufanana na Gecko, injini ya Mozilla mpya. Apple walipojenga Safari mwaka 2003 juu ya KHTML, injini ya Konqueror, wakabeba maneno yale yote na kuongeza ya kwao. Google walipoleta Chrome mwaka 2008, wakabeba ya Safari na kuongeza ya kwao. Kila aliyekuja alibeba majina ya waliomtangulia ili asifungiwe nje.

Nikusomee jinsi Chrome ya kwenye simu ya Android inavyojitambulisha leo. Sikiliza. Inaanza: Mozilla, mkwaju, 5.0. Inafuata kwenye mabano: Linux, Android 10, herufi K. Kisha AppleWebKit, kisha kwenye mabano tena KHTML, kama Gecko, kisha Chrome na namba ya toleo, kisha Mobile, na mwisho kabisa Safari. Umesikia? Katika mstari mmoja imetaja Mozilla, Apple, KHTML, Gecko na Safari, na yenyewe si hata kimojawapo. Na ile Android 10 na herufi K? Hiyo si simu yako. Google waliamua kuficha undani wa simu ili watu wasifuatiliwe kirahisi, basi Chrome ya kila simu ya Android inasema Android 10, K, iwe simu mpya ya bei mbaya au ya mkono wa tatu kutoka Kariakoo. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa ajili ya faragha za watu. Ila ndugu zangu mnaojenga tovuti, mwone wenyewe: unayemuuliza jina anakupa jina la watu wote.

Kuna kisa kingine cha User-Agent ambacho huwa nakipenda kwa sababu kinaonyesha moja kwa moja gharama ya kutopima. Mwaka 2009 kivinjari cha Opera kilikuwa kinafika toleo la 10. Kufikia wakati huo hakuna kivinjari kikubwa kilichokuwa na toleo la tarakimu mbili. Tovuti nyingi zilikuwa zimeandikwa kusoma tarakimu moja tu baada ya jina, kwa hiyo 10 ikasomeka 1, na watumiaji wa kivinjari kipya kabisa wakaonekana wanatumia kizee. Opera walilazimika kukifanya kivinjari chao kijitaje kuwa toleo la 9.80, na namba halisi wakaipeleka mwishoni mwa mstari. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zote zilifikia toleo la 100, na safari hii waliokuwa wakizitengeneza waliwahi: miezi kadhaa kabla, waliweka njia ya kuvifanya vivinjari vijitaje kuwa toleo la 100 kwa majaribio, ili tovuti zitakazokwama zijulikane mapema.

Basi tumerudi kwenye swali letu. Tovuti inajuaje kwamba anayeomba ni mtu mwenye kivinjari? Jina halitoshi. Kuna njia nyingine?

Ipo, na ni bora zaidi. Badala ya kuuliza wewe ni nani, uliza unapokea nini. Heda ya kazi hiyo inaitwa Accept. Hapo mwombaji anataja aina za majibu anayoweza kuyasoma. Firefox ukiifungulia ukurasa husema: napokea text, mkwaju, html, yaani ukurasa wa kawaida wa wavuti, napokea na xhtml, na nikikosa hizo, naweza kupokea chochote. Programu iliyoandikwa vizuri husema napokea JSON, yaani yale maandishi ya mabano yaliyopinda tuliyoyataja mwanzo. Hapa hakuna sababu ya kusema uongo, maana ukiomba usichoweza kusoma umejinyima mwenyewe.

Sasa nataka nikuonyeshe mfano halisi, kwa karibu. Kwenye Catalyst, ile fremuweki ya lugha ya Perl, kuna kipande kilichoandikwa kwa ajili ya swali letu hilihili. Kinapokea ombi na kujibu ndiyo au hapana: linaonekana limetoka kwenye kivinjari? Napenda jinsi kinavyopita hatua kwa hatua. Kwanza kinatazama heda iitwayo X-Requested-With. Kama imeandikwa XMLHttpRequest, basi ni msimbo ulio ndani ya ukurasa ndio unaoomba taarifa kimyakimya, si mtu anayefungua ukurasa. Jibu: hapana. Kisha kinatazama kama anwani yenyewe imetaja aina ya jibu isiyo ya HTML. Jibu: hapana. Kisha kinaifungua Accept. Ina alama ya nyota, mkwaju, nyota, yaani napokea chochote? Jibu: ndiyo. Ina HTML? Ndiyo. Imetaja vitu vingine tu, bila HTML? Hapana. Na kama hakuna heda yoyote ya kutusaidia? Hapo kinaamua: ndiyo, ni kivinjari.

Ngoja tusimame kwenye ile nyota, mkwaju, nyota. Kwa nini anayesema napokea chochote ahesabiwe ni kivinjari? Kwa sababu ya Internet Explorer 7 ya mwaka 2006, ambayo ilikuwa na tabia ya kuomba hivyo, bila kuitaja HTML hata mara moja. Kanuni ikawekwa ili watu wake wasitupwe nje. Lakini tazama kilichofuata. Kuna programu maarufu sana miongoni mwa mafundi inaitwa curl, iliyotolewa mwaka 1998 na Daniel Stenberg wa Sweden. Curl si kivinjari hata kidogo. Unaiandikia amri, inakuletea majibu. Nayo usipoiambia vingine, husema napokea chochote. Kwa kanuni ile, curl ni kivinjari. Fundi anaipima tovuti yake kwa curl, anatarajia JSON, anapewa ukurasa mzima wa HTML.

Je, hilo ni kosa? Hapa natoa msimamo wangu, nao ndio kiini cha mazungumzo ya leo. Nasema si kosa. Ni uamuzi sahihi.

Fikiria makosa mawili yanayowezekana. La kwanza: tovuti inaidhani programu kuwa mtu. Programu inaletewa ukurasa badala ya taarifa. Inakwama. Aliyeiandika anafungua kumbukumbu zake, anaona HTML, anaongeza mstari mmoja wa Accept unaosema napokea JSON, kesho kazi inaendelea. La pili: tovuti inamdhani mtu kuwa programu. Mama aliyekuwa anatafuta basi la kwenda kwenye msiba anaona mabano yaliyopinda. Hana kumbukumbu za kufungua. Hana mstari wa kuongeza. Hata hajui kwamba kosa si lake. Anaondoka, na mwenye tovuti hatapata habari, kwa sababu kwenye seva ombi lile limeandikwa kwamba limejibiwa vizuri.

Nirudie. Makosa haya mawili hayana uzito sawa. Moja linamwangukia fundi mwenye zana za kulirekebisha, jingine linamwangukia mtu asiye na zana yoyote. Kwa hiyo panapokuwa na shaka, fremuweki ikubali kwamba ni mtu. Anayetaka lugha ya programu aseme waziwazi kwamba anaitaka.

Najua madevelopa mnaonisikiliza mna la kusema. Mtaniambia upande wa pili nao unaumiza. Kweli. Kuna tovuti ambazo programu ikiomba bila kibali, badala ya kujibiwa kwamba hairuhusiwi, inapelekwa kwenye ukurasa wa kuingia, na kwa kuwa ukurasa huo umefunguka vizuri, programu inadhani imefanikiwa. Laravel huelekeza kwenye ukurasa wa kuingia endapo ombi halikuonyesha kwamba linataka JSON. Unaweza kupoteza mchana mzima ukilitafuta kosa la namna hiyo. Lakini unalitafuta ukiwa na kompyuta, na mwisho wake unalipata.

Sasa tuje kwenye kupima. Jaribio la aina hii ni kitu kidogo tu: programu fupi inayotengeneza ombi la bandia, inaliingiza kwenye fremuweki, inauliza je, ni kivinjari, kisha inalinganisha jibu na lile lililotarajiwa. Kwenye ulimwengu wa Perl matokeo yanaandikwa mstari kwa mstari kwenye skrini: ok moja, ok mbili, not ok tatu. Yote yanakwisha ndani ya sekunde chache, na yanarudiwa kila mtu anapogusa msimbo. Hakuna ufundi mgumu hapo.

Ugumu uko wapi basi? Uko kwenye kuchagua maombi ya kuweka. Majaribio mengi utakayoyaona yana maombi mawili: moja lililosema HTML, ndiyo, moja lililosema JSON, hapana. Yote mawili yanafaulu, watu wanapongezana. Lakini hayo ni maombi yasiyo na shaka, na hakuna fremuweki inayokosea hapo. Kosa linakaa kwenye yale ya katikati: ombi lisilo na heda hata moja, ombi lililosema napokea chochote, ombi lenye heda mbili zinazopingana. Hayo ndiyo ya kuandikwa kwanza.

Nitatoa mfano mmoja kutoka kwenye mikono yetu wenyewe. Watu wengi huku hawafungui kivinjari kabisa. Wanapata kiungo ndani ya programu ya mitandao ya kijamii, wanakigusa, ukurasa unafunguka humohumo ndani. Kwenye Android kinachofungua ukurasa huo kinaitwa WebView, nacho kwa miaka mingi kimekuwa kikituma heda ileile tuliyoiona, X-Requested-With. Ila hakiandiki XMLHttpRequest. Kinaandika jina la kifurushi cha programu iliyofungua ukurasa. Unaona hatari? Mtu akiandika msimbo unaouliza tu je, heda hii ipo, bila kusoma kilichoandikwa ndani yake, kila anayefungua kiungo ndani ya programu ya simu atahesabiwa si mtu. Ataletewa mabano. Na fundi ofisini, anayepima kwa Chrome ya kompyuta yake, hataliona tatizo hilo kamwe. Jaribio moja lingetosha: ombi lenye heda hiyo, lenye jina la kifurushi, na jibu linalotarajiwa liwe ndiyo.

Au chukua upande mwingine wa heda hiyohiyo. Msimbo wa ndani ya ukurasa ulikuwa ukiituma kwa sababu maktaba kama jQuery ziliiweka zenyewe. Vivinjari vilipoleta njia mpya ya kuomba taarifa, iitwayo fetch, njia hiyo haiiweki mpaka uitake. Kanuni iliyokuwa ikifanya kazi miaka na miaka ikaanza kukosea bila mtu kuigusa. Watu wa Django walilitambua hilo. Mwezi Agosti 2020, katika toleo la 3.1, walitangaza kwamba kile kipande chao cha kuuliza swali hili kinastaafishwa, na Desemba 2021, katika toleo la 4.0, wakakiondoa kabisa. Mahali pake wakashauri watu waulize kile tulichokisema: huyu anapokea nini? Naona huo ni ushujaa, maana kuondoa kitu ambacho maelfu ya tovuti zinakitegemea si jambo jepesi.

Liko pia suala la kurudi nyuma, ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Umefungua ukurasa, ukasoma, ukaenda kwingine, ukabonyeza kitufe cha kurudi. Unaona mabano. Imekuwaje, wakati mara ya kwanza ulifunguka vizuri? Kivinjari hutunza nakala za majibu ili kisitumie bando bure. Ukurasa ukiwa na anwani moja na taarifa zinazoombwa na msimbo wake, kivinjari kinaweza kutunza zile taarifa na kukurudishia badala ya ukurasa. Dawa yake ni seva kusema, katika heda iitwayo Vary, kwamba jibu hili linategemea Accept. Kwa hiyo usipime tu kama fremuweki imetambua. Pima pia kama imetangaza ilivyotambua.

Wako wanaochagua njia ya mkato ya kutazama ombi limetoka wapi: likitoka kwenye jumba la seva, wanasema ni programu. Hao wakumbuke Opera Mini, iliyopendwa sana Afrika Mashariki tangu ilipoenea duniani mwaka 2006 kwa sababu inabana matumizi ya bando. Ombi la simu hupita kwanza kwenye seva za Opera, huko ukurasa unapunguzwa ndipo unaletwa. Tovuti inachokiona ni seva ya Opera. Nyuma yake yuko mtu.

Na kwa kuwa muda wetu unaelekea ukingoni, nigusie la sasa hivi. Rails toleo la 7.2, la mwaka 2024, limekuja na kanuni ya kuruhusu vivinjari vya kisasa tu, na tovuti mpya inayoanzishwa kwa Rails inaikuta imeshawekwa. Inataka Chrome kuanzia 120, Firefox kuanzia 121, Safari kuanzia 17.2. Aliye chini ya hapo anapewa ukurasa unaomwambia kivinjari chake hakikubaliki. Nia ni njema, kazi ya fundi inapungua. Lakini tunajua nani yuko chini ya hapo. Kuna simu ndogo za vitufe zinazotumia KaiOS, zile ambazo mtu ananunua kama kitochi lakini zina intaneti. Toleo la 2.5 la KaiOS, katika User-Agent yake, linajitaja kuwa Firefox 48. Arobaini na nane, msikilizaji, mbele ya kanuni inayotaka 121. Mwenye simu hiyo hawezi kubadilisha kivinjari hata akitaka.

Kwa hiyo wewe kijana unayejenga tovuti ya shule, ya zahanati, ya ushirika wa wakulima, kabla ya kuikubali kanuni hiyo uliyoikuta, azima simu ya aina hiyo kwa dakika tano. Kwa jirani, kwa bibi, kwa mlinzi wa getini. Ifungue tovuti yako ya majaribio kwayo, kisha nenda kwenye kumbukumbu za seva uutafute mstari ulioandikwa na ile simu. Unakili wote ulivyo, usirekebishe hata nukta, uuweke kwenye faili lako la majaribio, na jibu linalotarajiwa uandike ndiyo.